Mwandishi wako akakae bandarini Malindi

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa 2017, pale CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walipoipa Zanzibar yetu uanachama kamili mwezi wa Machi na kuipokonya mwezi wa Julai, hata wino haujakauka. Niliandika kurasa tatu kwa mkono wangu. Mkatoa aya mbili, na neno "unyang'au" mkaligeuza "masikitiko". Nikaapa sikuandikieni tena. Na kweli, miaka yote hii nanunua gazeti, nalisoma, nalikunja, nampa jirani anayeuza karanga afungie. Lakini taarifa yenu ya usajili ya Jumamosi ile imenishinda kuikunja.

Unaikumbuka. Kurasa mbili za kati, picha tele: nani anakwenda Simba, nani anatoka Yanga, Azam wanamtaka nani, na mgeni mmoja kapigwa picha anashuka ndege na shada la maua mkononi kama bibi harusi. Halafu chini kabisa, ubavuni mwa tangazo la magodoro, mistari sita: klabu za Zanzibar nazo zajipanga. Mistari sita! Tumeihesabu mimi na mjukuu wangu wa darasa la tatu. Malindi, timu yetu ya hapa mjini Unguja, imetajwa mara moja tu, kwamba inaendelea na maandalizi "kimya kimya". Kimya kimya gani, Mhariri? Mimi nakaa Mkunazini. Nikitoka na kikombe cha kahawa mkononi nafika Malindi hakijapoa. Maandalizi sijayasikia. Ninachosikia ni honi ya boti.

Sasa kwa kuwa mwandishi wako hakupata nauli ya kuja mpaka huku, nikupe mimi hali ya timu kama tunavyoipima barazani baina ya alasiri na magharibi. Golini sina wasiwasi. Siku hizi vigogo wa bara makipa wanawaagiza Mali na Guinea, kwa hiyo kipa wetu atabaki, hana wa kumposa. Mabeki watabaki wale wenye watoto skuli. Kwenye kiungo ndiko paa linakovuja. Tangu Feisal Salum, Fei Toto wetu, alipotoka JKU akaenda Yanga 2018, na baadae Azam 2023, kila kijana wa Unguja na Pemba anayejua kupokea mpira na kugeuka nao keshajiona yuko njiani, na pembeni yake pana mtu mwenye simu mbili anayejiita wakala. Simlaumu Fei, alistahiki na zaidi. Nalaumu hesabu ilivyokaa. Kijana wetu akivuka maji, ligi ya bara haimhesabu mgeni, hachukui nafasi ya mchezaji wa kigeni, na anachukuliwa kwa bei ambayo huyo mgeni wa maua hata kiatu kimoja havai. Nani asiyetaka bidhaa kama hiyo? Mbele nako tunahitaji mtu wa kuupiga mpira golini, si wa kuuomba radhi. Ligi itakapoanza makisio yangu ni nafasi ya sita, na hiyo ya sita nimeshaitilia dua.

Usinambie kisiwani hakuna mpira. 1995 Malindi hii hii ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF, mwaka ambao Étoile du Sahel ya Tunisia ndiyo iliyolibeba kombe lenyewe. Mwaka huo huo timu yetu ya taifa ikaenda Uganda ikarudi na Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, na mpaka leo ndilo la pekee tulilonalo. 2017 tulilikosa kwa penalti kule Kenya, baada ya kuwafunga Uganda nusu fainali. Mlandege, majirani zetu ambao sipendi kuwasifu na Mungu anisamehe, wamechukua Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, na ile ya pili waliifunga Simba 1-0 hapo hapo Amaan, uwanja ndio kwanza umefunguliwa upya, rangi bado inanuka. Mei 2025 Simba na RS Berkane wakaja kumalizia fainali ya Kombe la Shirikisho pale pale. Mji ulivaa nyekundu siku ile, mpaka wauza urojo wakavaa nyekundu. Wiki nyengine nenda Amaan hiyo hiyo kwenye mechi ya ligi yetu: waliokaa jukwaani unaweza kuwataja kwa majina, na wengine kwa majina ya baba zao.

Nikupe mkasa wenyewe ulionifanya nishike kalamu. Mkesha wa Idi ya Mfunguo Tatu nilikuwa nimeshamuahidi mjukuu wangu jezi ya Malindi avae sikukuu. Nikashuka Darajani. Duka la kwanza: Simba, Yanga, Arsenal, Real Madrid. La pili hayo hayo, na Azam juu yake. La tatu nimemkuta kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Nikamwambia nataka ya Malindi, saizi ya mtoto wa miaka tisa. Akanijibu, "Malindi ya Kenya, mzee?" Mhariri, kutoka pale dukani hadi mtaa wa Malindi hata pumzi haikukatiki! Nikamuuliza kazaliwa wapi, akasema Kwahani. Nikanyamaza, maana nilikuwa na saumu ya Arafa na maneno yaliyonijia yangeibatilisha. Duka la nne lilikuwa limefungwa. La tano ndipo nikapata wa kunihurumia: ana jezi tupu, ataichapa maandishi kwa mashine ya moto, shilingi 25,000, nusu saa. Rangi sikuchagua, nilichukua iliyobaki kwa umri ule. Asubuhi ya sikukuu mtoto kaivaa, kaenda nayo Mnazi Mmoja kifua mbele. Magharibi karudi analia. Wenzake wamemuuliza hiyo ni timu ya nchi gani. Mama yake akaifua, herufi ya N ikabanduka, pakabaki MALI DI, na hapo ndio wakamwambia basi hiyo ni Mali, kwao Diarra, kipa wa Yanga. Siku ya tatu nimemkuta kavaa ya Yanga, kaazima kwa rafiki yake. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa hoja gani? Mtoto huyu kipa wa Yanga anamjua anatoka nchi gani na anadaka kwa mkono gani, kajifunza kusoma kwenye kurasa zenu hizo hizo, na hajapata kuiona sura ya mchezaji hata mmoja anayekimbia mchakamchaka hatua chache kutoka kitandani kwake. Mimi ndiye niliyekuwa nalileta gazeti nyumbani. Kwa hiyo na mimi nina dhambi.

Haya, wa bara wanakata juu, na kilichobaki kinachotwa na timu za vikosi vya serikali. Tizama majina ya ligi yetu: KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo, Uhamiaji. Mgeni akisoma msimamo wa ligi atadhani ni gwaride la Mapinduzi. Sivisemi vibaya vikosi. Vinalipa mshahara mwisho wa mwezi, na uzeeni pana kiinua mgongo. Kijana akiwa na barua mbili mkononi, moja ya klabu ya mtaani inayomuahidi nauli na juisi, nyengine ya ajira, mama yake ataichagua ipi? Ningekuwa mimi mama yake ningemvisha magwanda kwa mikono yangu. Kwa hivyo klabu ya raia kama yetu inapigwa huku na kule. Wenzetu kipupwe hiki ni cha kujenga timu, sisi ni cha kuifumua uzi mmoja mmoja, na gazeti linasema tunajipanga. Tunajipanga foleni ya tiketi!

Na kule chini wanakotoka hao vijana ndiko kunakoniudhi zaidi, ijapokuwa si la usajili. Sisi tulipanda kwa ngazi za ligi za vijana: Juvenile, Junior, Central, kisha timu kubwa inakuita yenyewe. Kila mtaa ulikuwa na kiwanja chake cha mchanga na mawe mawili ya goli. Leo kiwanja ukikipa mgongo, ukigeuka unakuta fremu. Fremu ya simu, fremu ya vipodozi, fremu ya chipsi, na mbele yao pakiwa na nafasi ya kutosha kucheza watoto wawili, panaoshwa magari. Mtaa mmoja nisioutaja nimewaona kwa macho yangu wanacheza njiani, na wameshajitungia sheria: bodaboda ikipita, mpira ni wa kurusha, anaanza aliyekuwa karibu na ukuta. Nikafurahi, nikasema hawa wana akili. Mpira ukaingia kwenye fremu ya chipsi. Mwenyewe akatoka, kaukamata, kautia kisu mbele yao, karudi ndani, na kwa kisu hicho hicho akaendelea kumenya mbatata. Sikula chipsi mwezi mzima. Najua, Mhariri, hii ni barua nyengine, lakini utamtafuta wapi kiungo wa Malindi wa mwaka 2035 ikiwa mpira wake umeshatiwa kisu leo?

Nirudi kwenye langu. Sikuombi kurasa mbili. Najua Simba na Yanga ndio wanaouza gazeti, na mwenye magodoro naye ana haki yake. Nakuomba mtu mmoja, kiti kimoja, na daftari la kurasa arubaini. Muda wote dirisha la usajili likiwa wazi, mwandishi wako akakae bandarini, pale mlangoni panapokaguliwa tiketi, kuanzia boti ya saa moja asubuhi. Na bandari, kama hajui, iko Malindi. Vijana wetu hata kwenda mbali hawaendi ili waondoke. Kila atakayepita na daruga zimefungwa kamba begani amuulize matatu: unatoka timu gani, unakwenda wapi, utarudi lini. Asihangaike na wenye mabegi ya magurudumu, hao ni watalii. Jioni alete orodha, muichape kila siku pale pembeni panapokaa saa za kusali, kwa herufi zile zile ndogo, mimi nitaazima miwani. Siku dirisha likifungwa tutakuwa tunajua tumebaki na nani. Kocha naye atajua, maana nina shaka hata yeye anasubiri gazeti.

Ikiwa kiti ndio tatizo, ninacho kimoja cha plastiki. Mguu wake mmoja umefungwa waya lakini kinakalika, asiegemee tu upande wa kushoto. Kahawa nitampelekea mwenyewe saa nne.

Na barua hii msiikate. Mkilazimika, ondoeni hapo penye chipsi.

Wenu,
Mzee wa jezi ya elfu ishirini na tano,
Mkunazini, Unguja