Lile si kifaru

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha picha ya gari la deraya la Vita Kuu ya Pili, chini yake mkaandika "kifaru". Kifaru hutembea kwa minyororo; lile lina matairi manne. Nimeendesha Fuso la viazi kutoka Makete miaka 19, tairi nalijua.

Gari lile linaitwa Marmon-Herrington; Afrika Kusini iliunda zaidi ya 5,000, juu ya chasi za Ford. Toleo la kwanza lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. La pili likapewa difu ya mbele pia, magurudumu yote manne yasukume. Nawaelewa kabisa waundaji wake! Masika, bila difu ya mbele, unalala njiani ukiozesha mzigo wa tajiri. Na magari yao yalivaa chuma mwili mzima.

Rekebisheni maelezo ya picha.

Dereva, Iringa