Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: asubuhi moja tu, Mheshimiwa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, tumelisoma jibu la ofisi yako kwamba eneo la mibuyu kule ufukweni "limekaguliwa kwa picha za setilaiti na halina magofu". Siku nne baadaye greda likafukua mawe ya matumbawe, chokaa bado imeyaganda.

Picha za bure za setilaiti ya Sentinel-2 mlizotumia, nukta moja ya picha hufunika ardhi ya mita 10 kwa 10. Ukuta wa nyumba ya kale ya pwani unene wake ni nusu mita hivi. Nukta inaumeza mzima. Tena tarehe iko pembeni ya picha yenu wenyewe: Aprili. Katikati ya masika! Kila kitu kijani, mngeona nini?

Ukuta uliofukiwa husomeka nyasi zikianza kukosa maji. Juu ya mawe udongo ni haba, kwa hiyo ukoka wa hapo hunyauka mapema kuliko wa jirani, na mistari iliyonyooka, yenye kona, hujichora yenyewe. Jalala la kale au kisima kilichofukiwa hufanya kinyume: udongo ni wa kina, una majivu na unyevu, majani hurefuka na kukoza kijani. Ndiyo maana tuliomba, kwa barua mbili, droni irushwe wiki chache baada ya mvua kukatika: mita 80 juu, kila picha irudie asilimia 80 ya iliyotangulia, asubuhi jua likiwa chini ili hata tuta dogo litupe kivuli. Mei, mbele ya mkutano wa kijiji, ukaahidi hakuna mtambo utakaoingia kabla ya hapo. Badala yake pori likatiwa moto kwanza. Nyasi zikishaungua, utasoma nini?

Hatudai kila alama ni mji. Kichuguu hutoa duara la kijani, tanuri la mkaa hutoa jeusi, na mbuyu ni dokezo tu la makazi ya kale. Baada ya picha lazima mtu atembee akitafuta vigae vya vyungu. Hilo nalo halikufanyika. Pengine viatu vingechafuka.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalitambua jengo la kabla ya 1863 kuwa kumbukumbu. Haijaongeza "mradi lionekane kutoka ofisini".

Upande wa kaskazini haujachomwa. Simamisha greda hapo, Mheshimiwa. Asubuhi moja, betri mbili.