Rangi ya kupaka makohozi mngetueleza vizuri

Mhariri, ile makala yenu ya TB mmesema makohozi yanapakwa rangi basi mkaishia hapo, jamani hapo ndo penye utamu! Rangi ya Gram, aliyoibuni daktari Mdenishi wa jina hilo mwaka 1884, inatenga bakteria wa zambarau na wa pinki, ila mdudu wa TB ukuta wake una nta kama mshumaa, rangi hiyo haimwingii vizuri, kwahiyo maabara wanamwagia kile kioo chenye makohozi rangi nyekundu iitwayo fuksini, wanapasha moto mpaka mvuke utoke, wanaosha na asidi, bakteria wengine wengi wanapauka yeye anabaki mwekundu, wanamalizia na bluu ndo unaona vijiti vyekundu, hao ndo wadudu wa TB. Wakiwa wachache hadubini inawakosa, nalo hamkuligusa.

Msomaji wenu, Tanga