Anayelipia ubaharia apewe kamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wale wanaouza safari za jahazi huko Lamu kwa jina la likizo ya ubaharia, na pia na Mkenya mwenzangu wa bara ambaye, kama mimi, alizaliwa mbali na maji ya chumvi lakini anatamani siku moja kuingia chomboni na kufanya kazi ya chombo. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari mjini Nakuru, nina umri wa miaka 46, kuogelea kwangu hakuvuki upana wa bwawa dogo, na safari hiyo nimeifunga mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa likizo ya Agosti. Tangazo nililolipia lilisema kwamba mgeni atashiriki katika kuendesha chombo tangu kung'oa nanga hadi kurudi gatini. Tulipoondoka, mashine ikawashwa, nayo haikuzimwa hadi tukafika magofu ya Takwa kisiwani Manda. Tanga lilitwekwa mara moja tu, kwa muda wa dakika kama ishirini, ili tupigwe picha, kisha likatuliwa na mashine ikaendelea kunguruma. Nilipomwomba kijana mmoja anionyeshe kamba ya kushika, alinijibu kwa adabu kabisa, "Pumzika, mama, wewe umelipa." Jibu hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu nilikuwa nimelipa ili nisipumzike. Simlaumu kijana yule wala nahodha wake, ambaye alikuwa ameagizwa na mwenye chombo arudi kabla ya magharibi kuchukua wageni wengine wa chakula cha jioni. Upepo wa kusi haujui saa ya chakula cha jioni, na mwenye chombo alilijua hilo alipokuwa akiandika tangazo lake.

Mara ya pili nilikwenda Desemba, kaskazi ikiwa imeanza kushika, na nilikwenda kwa kuulizauliza watu badala ya kufuata matangazo. Nahodha niliyeelekezwa kwake alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, mwenye jahazi dogo lisilo na mashine, na sharti lake la kwanza lilinishangaza: siku ya kwanza hatutasafiri. Maji yalikuwa yamekupwa na jahazi limelala ubavu mchangani, nasi wageni wanne tulipewa kazi ya kupaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaozuia wadudu wa baharini wasile mbao, huku yeye akituzungusha na kututajia sehemu za chombo kama mkuku, mataruma na fashini, na kutuonyesha pamba ya kalafati iliyoshindiliwa katikati ya mbao. Baadaye tulipanda juu tukafundishwa kamba. Jahazi lina kamba chache kuliko mgeni anavyodhani, na kila moja ina kazi yake: henza, ile nene inayobeba foromali, yaani boriti ndefu inayofungwa tanga, kutoka kileleni mwa mlingoti; jarari, ambayo ndiyo mikono huivuta, inayopita katika makapi, yaani magurudumu madogo ya kupitishia kamba; hamarawi za kutuliza foromali isiyumbe; na demani, inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Kabla ya jua kutua kila mmoja wetu aliulizwa na kujibu. Mimi, niliyezoea kuuliza maswali ubaoni, nilikosa mawili kati ya matano.

Naomba nieleze jinsi tanga linavyotwekwa, maana hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kazi hii haisomwi kwenye karatasi. Tanga halipandishwi likiwa wazi. Hukunjwa kwanza kandokando ya foromali na kufungwa kwa chane nyembamba za miyaa, halafu foromali yote hupandishwa juu kwa jarari, watu watano au sita wakivuta kwa mwitikio mmoja, mmoja akiimba na wengine wakiitikia, na asiyefuata wimbo huchubuka viganja, kama nilivyochubuka mimi. Foromali ikishafika juu, anayeshika demani huivuta kwa nguvu, na zile chane zinakatika moja baada ya nyingine, ta, ta, ta, kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka tanga linajifungua lote kwa ghafla na jahazi linainama. Niliivuta demani ile kwa mikono yangu asubuhi ya siku ya pili. Sijui niliseme jambo hilo kwa namna gani ambayo haitafanya wanafunzi wangu wanicheke.

Kulikuwa na vichekesho pia. Watu wa Lamu, katika Kiamu chao, husema "ndoo" pale sisi wengine tunaposema "njoo". Baharia mmoja alinipigia kelele, "Ndoo, mwalimu, ndoo!" nami nikakimbilia ngamani, yaani chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, nikachukua ndoo ya kutolea maji na kumpelekea kwa haraka, nikijivunia wepesi wangu. Aliipokea, akaitazama, akaiweka chini, kisha akanishika mkono na kunipeleka upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, alikotaka nikae ili uzito wangu usaidie chombo kisilale. Kuanzia hapo, mtu akitaka ndoo yenyewe alisema "ndoo ya maji" na kunyoosha kidole.

Kazi nyingine hazina wimbo wala kichekesho. Jahazi la mbao huvuja, hata lililo zima, na zamu yangu ya kuchota maji ngamani ilikuwa saa tisa za usiku tukiwa tumetia nanga. Katika mkondo wa Mkanda, unaopita kati ya kisiwa cha Manda na bara huku mikoko ikiwa imebana pande zote mbili, tulikuwa tukielekea Pate na upepo unatupiga usoni, na pale hapana nafasi ya kwenda bisho, yaani kuupanda upepo kwa kupinda huku na huku. Tulisubiri maji yajae kwa saa nne nzima, maana yakikupwa mkondo ule haupitiki kwa chombo chenye shehena, kisha tukasukuma kwa pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo, wawili wawili, hadi maji yalipopanuka. Nilidhani kuvuta kamba ndiyo kazi ngumu. Pondo ni ngumu zaidi, kwa sababu ukiing'ang'ania ilipozama topeni, chombo kinaondoka nawe unabaki nayo. Mgeni mmoja alibaki nayo. Alitolewa akiwa na tope hadi kifuani na bila jeraha lolote.

Tulipotoka kwenye maji ya wazi kuelekea Mtangawanda, kisiwani Pate, bahari ilinilevya. Natamani watangazaji waliseme hilo waziwazi, pamoja na mambo mengine wanayoyaficha chini ya picha za machweo: kwamba choo ni kasha lililoning'inizwa nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo, na mwanamke anahitaji leso ya kujisitiri, kwamba unalala sitahani juu ya mkeka na umande unakulowesha, kwamba chakula hupikwa kwenye jiko lililowekwa ndani ya kasha la mchanga na siku ya upepo mkali unaweza kula tende na maji tu, na kwamba mkifika Pate au Siyu mnaingia katika miji ya watu wenye heshima zao, si ufuo wa hoteli, kwa hiyo mavazi ya kuogelea hubaki chomboni. Hayo hayatamfukuza mtu anayetaka kujifunza, ila yatamfukuza yule ambaye angeharibu safari ya wenzake.

Nirudi kwa kugeuza tanga, kwani ndiko kwenye hatari, na ndiko wauzaji wengi wanakokutumia kama kisingizio cha kumkalisha mgeni juu ya mto. Jahazi likienda bisho haligeuzi omo, yaani mbele yake, kupita kwenye upepo kama zinavyofanya boti ndogo za Wazungu. Huupa upepo tezi, demani inalegezwa, foromali inasimamishwa wima karibu na mlingoti, kisha tanga lote linazungushwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Mabaharia huita kazi hiyo kukisi. Katika dakika hizo kamba nzito inapiga huku na huku, na mtu asiyejua aliposimama anaweza kutupwa majini au kuvunjwa bega. Nahodha wetu hakutuondoa. Alimpa kila mgeni mahali pake na kazi moja tu, akatukisisha mara tatu katika maji matulivu nyuma ya kisiwa kabla ya kutukisisha kwenye mawimbi, na kila mmoja wetu alikuwa amevaa jaketi la kuelea lililofungwa barabara. Aliniambia, nikiwa nimesimama karibu na kana, yaani mkono wa usukani, kwamba mgeni anayemtisha ni yule asiye na kazi, kwa sababu yeye huinuka kutazama. Nimekuwa darasani miaka 21 na sijasikia maelezo bora zaidi ya mwanafunzi msumbufu.

Ndugu yangu wa mwisho, anayeishi Uholanzi, alipoisikia hadithi hii alinieleza kwamba huko, katika bahari ya kina kifupi iitwayo Waddenzee, vipo vyombo vya zamani vyenye kitako bapa vilivyokuwa vikibeba mizigo, ambavyo leo huchukua watu wa likizo. Nahodha huwa na msaidizi mmoja au wawili, na wageni ndio wanaovuta kamba na kukunja matanga. Maji yakikupwa chombo hukaa mchangani na watu hushuka kutembea, kama tulivyofanya sisi Manda. Hapana anayeona ajabu kuwa mtu analipa ili afanye kazi. Tofauti niliyoigundua katika maelezo yake ni kwamba wageni huelezwa kazi zao kabla ya kamba kufunguliwa, na nahodha hulipwa kama mtaalamu.

Hapo kwenye malipo ndipo ninapotaka wasomaji wako wasimame kidogo. Katika safari yangu ya kwanza niligundua, kwa kuuliza, kwamba vijana wa chomboni walikuwa wakilipwa kwa siku kiasi ambacho sikuweza kukilinganisha na nauli tuliyotoa bila kuona haya, na wakitegemea bakshishi kwa kinachobaki. Kijana katika hali hiyo hana sababu ya kunifundisha kukisi. Ana kila sababu ya kuniambia nipumzike. Katika safari ya pili nauli ilikuwa juu kidogo, na nahodha alitutajia kabla ya kuondoka, mbele ya mabaharia wenyewe, fungu la kila mmoja na kwamba ndani yake mlikuwa na malipo ya kufundisha. Walifundisha.

Tukumbuke kwamba mtepe, chombo cha pwani hii kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, na leo anayetaka kuuona huko Lamu huonyeshwa mfano wake katika makumbusho. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na kuta zake zinalindwa kwa sheria. Nahodha yule ana wana watatu. Wawili wanaendesha boti za mashine kati ya Mokowe na Lamu, kwa kuwa ndiko kwenye pesa ya kila siku, na wa tatu yuko Mombasa. Waliomwona baba yao akitweka tanga Desemba ile, na kujifunza kwake, walikuwa mwalimu wa Nakuru, mhasibu wa Eldoret na mtu na mkewe kutoka Machakos. Sisemi hali hiyo ni nzuri. Nasema walau fedha zetu zilimfanya asiuze jahazi mwaka huo, kama alivyotueleza mwenyewe.

Kwa hiyo ninaomba wenye vyombo wafanye mambo machache yasiyo na gharama kubwa. Waandike katika matangazo yao kama chombo kitakwenda kwa tanga au kwa mashine, na ni wakati gani mashine itawashwa. Waseme msimu, maana anayeanza akipelekwa nje ya kisiwa cha Manda mwezi wa Juni au Julai, kusi ikiwa kali, hatajifunza chochote isipokuwa kutapika. Desemba hadi Machi ndio wakati wake. Waonyeshe majaketi ya kuelea na hati ya ukaguzi wa chombo bila kusubiri kuulizwa. Na serikali ya kaunti, ambayo kila mwaka hupamba sherehe za mashindano ya mashua, ingefaa iwakutanishe manahodha wazee na wenye kuuza safari ili wapatane kiwango cha chini cha malipo ya baharia anayefundisha.

Msomaji anayetaka kwenda naye amuulize nahodha swali moja kabla ya kutoa shilingi: "Siku ya kwanza nitafanya kazi gani?" Mimi nimekwisha kuagizwa yangu ya Desemba ijayo. Nitaanza kwa kupaka deheni, kisha nitakaa na mzee kushona upya pembe ya tanga iliyochanika tulipokuwa tukirudi, na ameniambia nije na sindano nene kutoka bara kwa sababu za dukani kwao hukatika.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa sekondari,
Nakuru