Mjukuu wangu, jibu nililokupa kwenye simu lilikuwa fupi mno

Mjukuu wangu mpendwa,

Ulikuwa na miaka 7 siku uliponikuta nasoma daftari lako kutoka upande wa pili wa meza, maandishi yakiwa yamekuelekea wewe. Ukaamini babu yako ni mchawi. Sikukanusha. Babu gani angeikataa sifa kama hiyo?

Haukuwa uchawi, ilikuwa kazi. Kwa miaka 21, tangu 1968, nilipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono matbaani. Herufi ya risasi hutengenezwa ikiwa imegeuka, kama uso kwenye kioo, ili ikigusa karatasi itoke sawa. Mpangaji husoma mstari wake kichwa chini, kushoto kwenda kulia. Jicho likishazoea hivyo halisahau.

Mwezi uliopita ukanipigia kusema kwamba ofisini kwenu imeletwa programu inayotafsiri kurasa 40 kabla wewe hujamaliza ya kwanza. Ukaniuliza, "Babu, kompyuta zilipokuja wewe ulifanyaje?" Nikakujibu, "Nilijifunza." Ukanishukuru, tukaagana. Tangu siku ile neno hilo linanikereketa. Si uongo, ila nimeiruka miaka miwili.

Ngoja nianze mwanzo. Miezi yangu ya kwanza sikuruhusiwa kupanga hata neno moja. Nilikuwa narudisha: ukurasa ukishachapwa unavunjwa, na kila herufi inarudi kwenye kijumba chake ndani ya kasha. Ukikosea ukaitia n penye u, kesho kosa lako linatokea kwenye ukurasa wa mwenzako, naye ndiye atakayefokewa. Mzee aliyenifunza hakunipiga wala hakunitukana. Alikuwa akiniletea herufi niliyoipoteza na kuiweka kiganjani mwangu, kimya. Afadhali angenitukana.

Halafu kulikuwa na shida ya a. Makasha yetu yalikuwa yamepimwa kwa Kiingereza, lugha inayokula e kuliko herufi yoyote. Kiswahili kinakula a. Hebu lihesabu neno "wanakaa": herufi 7, na 4 kati yake ni a! Ukurasa haujafika nusu, kijumba cha a kinaonyesha sakafu, huku e zimelala tele hazina kazi. Tulikuwa tunasimama tukisubiri ukurasa wa jana uvunjwe ili tupate a za leo. Nakwambia haya kwa sababu nimekaa nikiwaza kwamba hiyo programu yenu nayo huenda ilipimiwa kwa watu wengine kwanza. Wewe utaniambia.

Mzee yule aliichukia mashine ya Linotype. Ilikuwapo tangu 1886: mtu anabonyeza vitufe, risasi iliyoyeyushwa inamiminwa, mstari mzima unatoka kwa mkupuo. Walioiendesha aliwaita "wapiga vinanda". Kwake yeye fundi ni yule anayeishika herufi kwa vidole. Nilimcheka kwa siri, nikimwona mtu wa zamani.

Mwaka 1978 tukasikia kwamba gazeti la New York Times limezima mashine zake za risasi mwezi Julai na kuhamia kwenye kompyuta. Tukasema ya huko ni ya huko. Mwaka 1985 ukaja mtambo wa leza wa kuchapia uliokaa juu ya meza, pamoja na programu ya kupanga kurasa. Hapo tukaacha kucheka, lakini bado hatukusogea. Mwaka 1989 makasha yetu yakauzwa kama chuma chakavu. Kwa kilo, mjukuu wangu. Zile a tulizokuwa tukizigombea zilipimwa kwenye mizani pamoja na e.

Kijana mmoja wa pale, aliyekuwa na umri wa kuwa mwanangu, alijitolea kunifundisha kompyuta. Nikamjibu, "Mimi ni fundi, si mpiga taipu." Sikusikia kwamba niliyekuwa nikizungumza alikuwa yule mzee wangu. Miaka miwili nikakaa nyumbani nikiwa na kinyongo. Bibi yako ndiye aliyeibeba nyumba. Mama yako akaacha kuniomba karo, akawa anamwomba bibi yako, tena kwa kunong'ona, ili nisisikie. Nilisikia. Hicho ndicho kipande nilichokiruka kwenye simu, na mama yako akisoma hapa atajua sijakisahau.

Kilichonitoa nyumbani siku moja si busara. Kijana yule alikuja kutusalimia akiwa na ukurasa alioupanga kwa kompyuta, akauweka mezani ukimtazama yeye. Mimi nikiwa upande wa pili nikauona mto: nafasi nyeupe kati ya maneno zilizoangukiana mstari hadi mstari, zikachora njia nyeupe kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Nikamwonyesha kwa kidole. Hakuuona. Akazunguka meza, akavuta kiti, akakaa kando yangu. Wiki ile nikaenda kwake.

Mikono yangu haikunifaa kitu huko, hata kile kitufe cha a nilikitafuta kwa macho. Jicho ndilo lililobaki na kazi. Wala usidhani naililia risasi. Ni sumu ile. Tulikuwa tunasugua mikono kabla ya kushika chochote cha kutia kinywani, na miguu yangu hadi leo inanidai yale masaa ya kusimama.

Ila usimsikilize anayekwambia kwamba walioachwa nyuma walikuwa wavivu. Wenzangu wawili, mafundi kunishinda, hawakurudi tena kwenye kazi ya chapa. Mmoja macho yalishachoka. Mwingine hakupata kijana wa kumtembelea.

Kwa hiyo sijui nikushauri nini juu ya ofisi yenu, na nisingependa kujifanya najua. Lakini Jumamosi nipo. Njoo na kurasa ambazo hiyo programu imezitafsiri, zile unazoona zina kasoro na huwezi kumweleza bosi wako kasoro yenyewe ni ipi. Ziweke mezani zikuelekee wewe. Mimi nitasoma nikiwa upande wa pili.

Babu yako