Kopo la dondoo si mboga ya mlonge

Ndugu Mhariri,

Siku hizi dawa za asili haziuzwi kwa fungu tu. Ziko kwenye makopo yaliyoandikwa "dondoo 10:1", na muuzaji humtoa mjamzito wasiwasi kwamba mlonge ni mboga, utamdhuru nini?

Mboga ya mlonge haina ubishi. Lakini 10:1 maana yake kilo 10 za mmea zimekolezwa hadi ikabaki kilo 1. Anayemeza vidonge viwili vya dondoo vya miligramu 500, mara tatu kwa siku, amekula sawa na gramu 30 za majani makavu. Na hapo ni kama kweli ni majani. Kopo likisema "mlonge" tu, lisiaminiwe. Mizizi na magome ya mti huohuo yana kemikali nyingine, na mjamzito asiyanywe kabisa.

Kinachotutia hofu zaidi ni dawa za kuharakisha uchungu. Chukua mafuta ya nyonyo: yakifika tumboni hutoa asidi ya risinoleiki, inayoamsha utumbo na mji wa mimba kwa pamoja, ndiyo maana mama anaharisha huku anabanwa. Dripu ya uchungu hospitalini hupunguzwa au kufungwa mikazo ikizidi mitano ndani ya dakika 10. Kikombe kilichokwisha kunywewa utakifungaje? Mama akificha, kisha akawekewa dripu juu yake, mtoto anaweza kukosa hewa na kujisaidia ndani ya maji ya uzazi. Kwa aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, kovu linaweza kuachia.

Anayenyonyesha naye ana uwatu wake. Kijiko kwenye uji ni chakula. Vidonge ni habari nyingine, vinaweza kushusha sukari ya anayetumia insulini. Mwenye mzio wa karanga auepuke. Mkojo wa mtoto ukianza kunukia kama sukari iliyoungua, daktari aambiwe kuhusu uwatu, maana kuna ugonjwa nadra wa kurithi wenye harufu hiyohiyo.

Tunaliomba Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lisimamie kila kopo litaje sehemu ya mmea, uwiano wa dondoo na onyo kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Wauguzi wa kliniki nao waulize bila kufoka: "Mama, kuna dawa gani ya kienyeji unakunywa?" Akifokewa atasema hakuna. Na kopo lenyewe lije kliniki pamoja na kadi, hata likiwa tupu.

Mfamasia na mkunga,
Tanga