Kabla hujamkata dereva hela ya mafuta, pima gari kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na matajiri wenye malori, hasa hawa wetu wa Tabora na Kigoma, kuhusu hii tabia ya kumkata dereva mshahara kila gari ikirudi na shoti ya mafuta, yaani imetumia zaidi ya kipimo alichopewa. Mimi ni fundi dizeli, semi nyingi za njia ya Urambo, Kaliua mpaka Uvinza na Kigoma zinapita mikononi mwangu, na ninachokiona kinaniuma kwa kweli. Gari imeanza kula mafuta, tajiri haulizi kitu, dereva anaitwa mwizi, anakatwa, mwezi unaofuata shoti ni ileile anakatwa tena, mwisho anafukuzwa, anakuja dereva mpya na gari inaendelea kula vilevile.

Wapo madereva wanaouza mafuta njiani, sikatai, na wanunuzi wa madumu wanajulikana. Ila wizi nao unapimika. Jaza matenki yote mawili mpaka shingoni, gari ikiwa imesimama pa tambarare, andika kilomita, weka sili kwenye mifuniko, mpandishe mtu unayemwamini akae na dereva safari nzima. Gari ikirudi jaza tena mpaka shingoni, kituo kilekile na pampu ileile ikiwezekana, lita zilizoingia ndizo zilizoliwa. Kama bado imekula na sili haijaguswa, basi tatizo liko kwenye gari na dereva hana kosa. Kupima kwa kijiti au kwa geji ya dashibodi kusikutoe jasho, dizeli ikipata joto inatanuka, tenki la lita 600 likiongezeka joto nyuzi 10 tu unaona kama lita 5 zimezaliwa, asubuhi kukiwa na baridi zimepotea.

Kitu kingine ni njia. Unakuta tajiri ana kipimo kimoja, kilomita 2 kwa lita, anakitumia kila mahali. Jamani, Nzega kwenda Tabora ni tambarare, Manyovu ni milima, hivyo vitu vinafananaje? Halafu ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na Tabora iko kama mita 1,200, kwa hiyo gari inayotoka Kigoma na mzigo inapandisha hata kama dereva haoni mlima wa maana. Gari ya tani 40 kuinuka hizo mita 400 na kitu inataka zaidi ya lita 10 za dizeli kwa kuinua uzito tu, bado hujahesabu msuguano wa tairi na upepo. Sasa unamlinganisha huyo na aliyeshuka mtupu kwenda kufuata chumvi Uvinza, unamwambia mwenzako mbona alibakiza.

Tuje kwenye gari yenyewe. Swali la kwanza ninalomuuliza dereva ni je, gari imeanza kula ghafla au polepole, na nguvu ipo au haipo? Majibu hayo mawili yananipunguzia nusu ya kazi. Kama nguvu imepungua na moshi ni mweusi, maana yake mafuta yanaingia lakini hewa haitoshi, naanzia kwenye eya klina, yaani chujio la hewa, na kwa magari yanayoenda kuchukua tumbaku vijijini huko Ulyankulu kiangazi, mara nyingi naishia hapohapo, unaifungua unakuta vumbi limegandamana mpaka karatasi haionekani rangi. Ikiwa safi nafuata mipira ya tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, na ya intakula inayoipoza hewa hiyo, mtu anakanyaga mafuta kidogo injini ikiwaka, mwingine anapaka povu la sabuni kwenye viungio, povu likichemka umeshapata pa kukaza. Klipu moja imelegea, tabo inazungusha hewa inamwagika nje, dereva anakanyaga zaidi ili apande, na mafuta yanakwenda. Mafundi wenzangu mtanisamehe, lakini kukimbilia kushusha pampu na nozeli zinazopuliza dizeli kwenye injini siku ya kwanza ni kumla mteja. Nozeli zinachoka kweli, na zikivuja oili inaongezeka kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na inanuka dizeli, hiyo ni hatari kwa injini, ila angalia vya bei nafuu kwanza.

Sasa gari ikiwa na nguvu zake, moshi hauna, na bado inakula, hapo ndipo dereva anapoonewa sana, kwa sababu injini iko safi na kila mtu anasema basi mafuta yanaibwa. Mimi hapo naenda kwenye breki. Juzijuzi ililetwa semi kubadilishwa lainingi (vitambaa vya breki) za tela, dereva wake alishakatwa miezi kadhaa, tulipofungua ekseli ya katikati upande wa kushoto ile dramu ilikuwa imeiva rangi ya bluu, ina nyufa ndogondogo kama ardhi ya mbuga wakati wa kiangazi, na lainingi imeungua mpaka inapukutika kwa kidole. Ile kamu, chuma kinachozunguka kusukuma lainingi zibane dramu, ilikuwa imeshikwa na kutu na vumbi hairudi, dereva akiachia breki gurudumu moja linabaki limebanwa. Kwa hiyo injini inavuta mzigo na inavuta breki, kilomita zote hizo, na aliyelipa ni kijana wa watu.

Kuligundua hilo hakuhitaji kompyuta. Gari ikishatembea vya kutosha, bila kushika breki sana, isimamishe, pita kila gurudumu sogeza mgongo wa kiganja karibu na habu, USIGUSE, utaungua. Lililo la moto kuliko wenzake au linalonuka ndilo hilo. Halafu zuia magurudumu mengine kwa choki (vigingi), achia hendibreki, piga jeki uzungushe kwa mkono, linatakiwa lizunguke. Angalia na uvujaji wa hewa, maana springi iliyomo kwenye busta, lile kopo la breki kwenye ekseli, inazuiwa na hewa, hewa ikishuka springi inaanza kukamata polepole na dereva barabarani wala hajui.

Tairi nazo. Hizi za 315/80 zikibeba mzigo kamili zinahitaji upepo wa kama psi 120, pima asubuhi zikiwa baridi, siyo kugonga na nondo halafu unasema iko poa. Zikipungua psi 10 unapoteza kama nusu mpaka asilimia moja ya mafuta, na tairi yenyewe inakufa mapema. Tairi ikilika upande mmoja peleka gari alaimenti, hiyo inaburuzwa. Na kuna hili ambalo matajiri wengi hawalijui: ukitoa tairi zilizoisha ukafunga mpya kwenye difu, yaani ekseli inayosukuma gari, mzunguko unakuwa mkubwa, dashibodi inahesabu kilomita chache kwa njia ileile, inaweza kufika tofauti ya asilimia 2 mpaka 3. Kwenye karatasi gari imeanza kula siku uliyoinunulia tairi mpya!

Halafu thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto lake. Hapa kwetu gari ikipandisha joto mara moja tu fundi anaing'oa thamostati anaitupa, na wengi wanaona ndiyo dawa. Injini inatakiwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 mpaka 90, ukiitoa inatembea baridi siku nzima, mafuta hayaungui vizuri na oili inabaki nzito. Mshale wa joto usipofika katikati hata na mzigo, uliza kama thamostati ipo. Na feni nayo, klachi yake ikiganda feni inazunguka muda wote kwa nguvu ya injini, utaisikia inavuma hata alfajiri.

Yaliyo ya dereva mwenyewe yapo pia. Kulala na injini inaunguruma kunakula lita 2 mpaka 3 kwa saa, usiku mmoja wa saa nane ni kama lita 20 na gari haijasogea. Mwendo ukipita 80 upepo unaanza kukutoza, na kubadilisha gia umechelewa, mshale wa mizunguko ya injini ukiwa umeshatoka kwenye kijani, ni hasara. Hayo mwambie na umfundishe, ila ukiona foleni ya mzani au ya mpakani imemshikilia, hizo saa nazo ziandikwe.

Dizeli inavyofika huku imeshakuwa ghali, bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, zinazotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zinaonyesha wazi Kigoma tunalipa zaidi ya Dar. Gari ikishuka kutoka kilomita 2 kwa lita kuja 1.7, kila kilomita 1,000 inakula lita 88 za ziada. Hizo hela hazirudi kwa kukata mshahara wa mtu, zinaendelea kutoka mpaka siku ile kamu itakapopakwa grisi.

Ninachoomba ni kitu kidogo tu. Karatasi ya safari iwe na njia, uzito wa mzigo, saa za kusimama injini ikiwaka, na tarehe tairi zilipobadilishwa, na dereva apewe nakala yake. Shoti ikitokea gari iende gereji kabla dereva hajaitwa ofisini. Na kama ulishamkata mtu halafu ikaja kuonekana ni breki, mrudishie hela yake.

Fundi dizeli,
Ng'ambo, Tabora